Kata ya Kwanza

Mwanangu,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si rafiki yangu wa bwenini, wala Mungu kwa maneno, ingawa nadhani Yeye alikuwa akiniona. Krismasi iliyopita, ulipoacha kutetemeka ukalala kama mtoto mchanga, na Shangazi Anasia akapiga magoti akilia kwamba ndugu yake ameponywa, hukuwa umeponywa. Mimi nilikuwa nimekunywesha gongo.

Karatasi nyingine zenye sentensi hiyo nimezichana. Hii sichani.

Siwezi kukuuliza hujambo, maana umelala chumba cha pili na nasikia unavyokoroma. Ni alasiri, ukungu haujainuka tangu asubuhi, na kesho lori la jirani yetu Tluway linakuchukua kwenda hospitali ile ya mbali. Jana nilikusikia ukimwambia Tluway pale uani, mkidhani nimezama katika kitabu: "Mimi nilishaponywa mara moja nikakataa. Huko naenda kutazama ukuta tu." Tluway akakujibu, "Mchaga wewe, hata kutazama ukuta utataka upewe risiti," mkacheka. Mimi sikucheka. Ukurasa niliokuwa nikiusoma sikuugeuza mpaka giza lilipoingia.

Mtu mwingine akiiokota barua hii atadhani mzee fulani amemwandikia kijana wake. Wewe unajua. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Mkunde, kama desturi yetu inavyotaka binti wa kwanza abebe jina la bibi mzaa baba, na tangu hapo hujawahi kuniita kwa jina hilo. Mtu hamwiti mama yake jina. "Mama, lete kiti." "Mama, umekula?" Bibi mwenyewe alinifundisha kukuitikia "Naam, mwanangu" kabla sijajua kutembea vizuri, na wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Bibi alipofariki nilikuwa darasa la pili. Pale kaburini ulinishika mkono ukasema, "Sasa mama niliyebaki naye ni wewe." Watu wazima husema mambo kama hayo kwa sababu ya uchungu. Mimi nililichukua kama kazi niliyopewa.

Kwa hiyo nakuandikia kama mama yako, maana kama mtoto wako siwezi. Usoni pia siwezi. Unanijua, mwalimu akinitaja tu darasani masikio yanawaka moto.

Habari za sweta, blanketi na mswaki sitazigusa. Mama amekwisha kufungasha, akafungua, akafungasha tena. Mimi nataka kukuambia nilivyokosea, kwa sababu nimechoka kuona watu wote wa nyumba hii wakikosea kwa nia njema halafu lawama zote tunakutwika wewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba ukinipenda vya kutosha utaacha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiendesha gari la hoteli kule ukingoni mwa kreta? Mara moja ulinichukua, nikakaa mbele katikati yako na mgeni mwenye kamera. Ukungu ulikuwa mzito mpaka mbele ya boneti huoni kitu, nawe ukatoa kichwa dirishani ukarudi nyuma taratibu kwenye kona ile mbaya, huku ukiwasimulia wageni habari za faru kana kwamba umekaa sebuleni. Nilitazama mikono yako tu. Nikajua kwamba hakuna jambo baya linaloweza kumpata mtu aliye mahali mikono ile ilipo. Jioni wageni walikununulia bia, ukanywa, na hakuna aliyeona tatizo. Hata mimi sikuona. Ulikuwa ukirudi nyumbani ukiimba.

Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa, wageni wakapungua, magari yakapandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, nawe ukapewa lori la mahindi la kwenda Nainokanoka na Olbalbal. Bia za chupa zikaadimika. Sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, betri za redio ndiyo usiseme. Gongo haikuadimika hata siku moja. Hilo linanikera mpaka leo. Nchi nzima inapanga foleni, isipokuwa kwa Mama Bura, mpika gongo.

Nilipokuwa darasa la saba nilijiambia: nikishika namba ya kwanza, ataacha. Nikasoma kama mtu anayefukuzwa. Nikashika namba ya kwanza. Ulipoiona ripoti ulinyanyuka na kiti chako. "Mama yangu wa kwanza! Lete hapa, nikawaonyeshe watu mama yangu alivyo!" Ukaenda nayo kilabuni. Ulirudi umeshikiliwa na watu wawili, ripoti imelowa, na mmoja wao akaniambia, "Hongera, binti. Umetunywesha wote leo."

Nilikuchukia kwa wiki nzima. Halafu nikaamua kwamba huenda namba ya kwanza ya wilaya ingetosha. Unaona ujinga wangu? Nilidhani pombe na mimi tunashindana na wewe ndiye mwamuzi. Sikujua kwamba wewe mwenyewe ulikuwa umefungwa miguu pale katikati ya uwanja.

Sasa Krismasi.

Shangazi alikuja kutoka Moshi na maombi yake na sauti yake. Akakaa na Mama na mwinjilisti, wakaamua kwamba dawa ni kukufungia. Ulikubali. Hilo husahaulika kila wanapokusimulia, kwamba uliingia kwenye stoo ya mahindi kwa miguu yako, ukampa Shangazi kufuli mkononi ukasema, "Dada, hata nikilia usifungue." Mimi niliketi nje ya mlango na kitabu cha afya nilichoazima maktaba ya misheni. Kilikuwa na ukurasa mmoja juu ya ulevi. Kilisema: mlevi ashauriwe kuacha pombe. Basi! Ni kama kumwambia mtu aliyetumbukia kisimani kwamba ashauriwe kupanda juu.

Kwanza ulikuwa ukiomba maji. Kisha ukaanza kutoka jasho na kutetemeka hata mlango ukagonga kwenye fremu. Wao wakasema ni pepo anachachamaa, ishara kwamba anakaribia kutoka. Walipokwenda usharikani kuwaita waombaji wengine waliniachia ufunguo, maana mimi ni mtoto mtiifu, kila mtu anajua.

Nilifungua kwa sababu ulianza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Ulikuwa umekaa sakafuni umeshika ukingo wa gunia kama usukani. "Ingieni ndani ya gari. Funga mlango, mama, funga, simba huyo. Breki hakuna. Nimesema breki hakuna!" Ukanitazama usinitambue. Halafu macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa, ukaanguka ukirusha miguu, povu likatoka. Nilidhani unakufa. Nilikugeuza ubavu, maana hilo lilikuwamo kwenye ukurasa mwingine wa kile kitabu, na ulipotulia kidogo ukaanza tena kutetemeka nikakumbuka kitu nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukitilia maanani. Asubuhi ulikuwa huwezi kufunga kifungo cha shati. Ukishameza funda moja, unaweza hata kutia uzi kwenye sindano.

Nikakimbia kwa Mama Bura. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya shule, ndicho nilichompa.

Alikuwa anakamua ng'ombe. Akanitazama kuanzia miguuni. "Ehe! Msomi wa sekondari naye kiu imemshika? Basi dunia imekwisha."

"Ni ya kuchua mguu, mama," nikasema. "Baba ameteguka."

"Baba yako ameteguka koo," akasema, akacheka peke yake. Lakini aliinusa ile sabuni kama mtu anayenusa ua, akaniletea kichupa cha dawa ya kikohozi kilichojaa.

Nilikunywesha kwa kijiko. Kijiko kwa kijiko, kichwa chako kikiwa mapajani mwangu, na wewe ukaniita mama, sijui ulikuwa unamwita yupi. Mtetemo ulipungua kama mvua inavyoacha bati. Ukalala. Nikakufuta mdomo, nikafukia kichupa kwenye mahindi, nikafunga mlango. Shangazi aliporudi na waombaji wakaimba ubeti mmoja, akafungua, akakuta umetulia umelala, akapiga yowe: "Ameguswa! Bwana amemgusa!"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimesimama palepale, ufunguo mkononi. Lakini Mama alikuwa analia kwa furaha. Sikuwa nimemwona Mama akilia kwa furaha tangu niwe na akili. Nikanyamaza.

Jumapili Shangazi alitoa ushuhuda kanisani, nami nimesimama kwenye safu ya kwaya, sauti ya tatu, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Watu walipiga makofi. Wewe ulisimama ukainamisha kichwa. Shingo yako ilikuwa imekonda sana ndani ya kola.

Mwaka mpya haukufika ukawa umekunywa tena. Sasa hukuwa tena mlevi wa kawaida. Ulikuwa mtu aliyeponywa na Mungu akamtemea mate. Shangazi aliyasema maneno hayo mbele yako, mezani. Nawe, Baba, uliyaamini. Nilikuona ukiyaamini. Kabla ya hapo ulikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu bado ana mlango. Baada ya hapo ulisema, "Niacheni, mimi nimelaaniwa," ukanywa kama mtu anayetekeleza hukumu.

Basi sikia: hukukataa uponyaji wowote. Haukuwepo. Mwili wako ulikosa pombe ukataka kufa, mimi nikaupa pombe ukatulia. Hakuna zaidi ya hapo. Mungu hakukuponya siku ile, kwa hiyo hakuna kitu chake ulichokitupa.

Pale kwenye mkutano wa ukoo mwezi wa kwanza nilitamani kupiga kelele, nami sijawahi kupiga kelele maishani. Walikusanyika Wachaga wote wa Karatu wa ukoo wetu, ukapewa jani la sale ulishike kwa mikono miwili, uombe msamaha kwa Mama na kwa kaka yake uliyemtukana. Uliomba vizuri. Kaka yake Mama alilipokea sale, na kila mtu akapumua. Halafu, kwa kuwa msamaha wetu haukamiliki mdomo ukiwa mkavu, mzee akachota mbege kwenye pipa akakupa kata ya kwanza. Kwa mikono yake! Mtu amesamehewa ulevi, anapewa pombe ili msamaha ushike!

Ulisita. Ulinitazama mimi, si wao. Mjomba akasema, "Shemeji, unakataa amani yangu?" Na mzee akasema, "Kunywa, mwanangu. Sisi tunazungumzia gongo. Mbege ni chakula."

Ukanywa. Wakapiga makofi. Jioni ile ulikuwa kwa Mama Bura.

Nimesoma vitabu vingi, mwanangu, lakini sijaona mahali palipoandikwa upumbavu wa aina hiyo, kwa sababu nadhani ni sisi tu tunaojua kuufanya. Na mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha zile kata.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Kule Olbalbal lori lilipoharibika, hakuna duka wala kilabu, vumbi tupu, nawe ukajiambia kwamba hii ndiyo nafasi, utaacha mwenyewe kama mwanamume. Wafugaji walikukuta unapigana na hewa. Tluway, aliyekuja kukufuata, anasimulia kwamba walikuweka kivulini mwa lori, wakakushikilia kwa zamu na kukunywesha maziwa, na kwamba ulipokuwa huna akili ulijaribu kuwauzia safari ya kreta. Yeye husimulia ili tucheke. Nimemwona akifika sehemu hiyo akageuka kutazama pembeni.

Alikupeleka hospitali ya misheni, na likizo hii ya Juni nilikuta umelazwa. Huko nikaona kitu ambacho kingetuokoa Krismasi. Hakuna aliyekufungia. Walikupa vidonge vya kutuliza, vikawa vinapunguzwa kidogo kidogo kila siku, wakakuchoma sindano za vitamini, wakakulisha uji hata ulipoutapika. Daktari, yule mrefu anayesahau miwani yake kichwani, hakukuuliza hata siku moja kwa nini humpendi mke wako.

Nilimvizia kwenye korido. Nikamwambia nina swali.

"Uliza."

"Mtu aliyezoea pombe, akiacha ghafla, akaanza kutetemeka na kuanguka. Halafu mtu mwingine akampa pombe kidogo, akatulia. Huyo mwingine amefanya vibaya?"

"Huyo mwingine ni nani?"

"Ni swali la Biolojia," nikasema. Masikio yangu!

Alitafuta miwani mifukoni, akaikuta kichwani, akanitazama. Akasema ubongo unaolowekwa kwenye pombe miaka mingi hujipanga kwa ajili ya pombe. Ukiiondoa ghafla unabaki unakwenda mbio bila breki. Nilishtuka aliposema breki, maana ndivyo ulivyokuwa ukilia wewe. Alisema wengine hufa hapo, si kwa pombe bali kwa kufungiwa mbali nayo, na kwamba mtu akifikia hali ile anakimbizwa hospitali, hafungiwi stoo. "Na huyo wa kwenye swali lako," akasema, "alibahatika. Mgonjwa aliyepoteza fahamu akinyweshwa kitu anaweza kupaliwa akafa mikononi mwake. Na gongo ya vichakani hupofusha watu. Mwambie mwalimu wako wa Biolojia asirudie. Lakini mwambie pia kwamba alijaribu kuokoa mtu."

Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia.

Siku nyingine nilimuuliza, bila Biolojia, kama sasa umepona. Akasema mwili umesafishwa, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Nilikasirika. Sehemu rahisi! Akasema ugonjwa huu hauondoki kama malaria. Huko unakokwenda hawana kidonge cha kuondoa hamu ya pombe. Watakupa muda, kazi ya mikono, na watu wengine wenye ugonjwa huohuo wa kuzungumza nao, ujifunze kuijua hamu inapokuja na kwamba hupita usipoilisha. Akasema unaweza kuanguka tena hata baada ya hapo, na ukianguka haitakuwa na maana kwamba yote yalikuwa bure. Itakuwa na maana ya kurudi upesi. Jambo alilolikazia, akagonga ukuta kwa kidole, ni kwamba kwako sasa hakuna pombe ndogo. Hakuna ya chakula, hakuna ya heshima. Funda moja linamwamsha yule wa zamani.

Sikulipenda jibu lake. Nilitaka jibu la mtihani, lenye vema pembeni. Unaweza kuanguka tena. Ni maneno mabaya kumwambia mtu aliyesubiri tangu darasa la pili. Lakini nimeyabeba tangu siku hiyo na nimegundua hayanidanganyi, na katika nyumba yetu kitu kisichodanganya ni adimu kuliko sabuni.

Najua huko unakokwenda watu hupaita hospitali ya vichaa. Shangazi hulitaja jina hilo akinong'ona, nami nikimsikia hutaka kutupa kitu ukutani. Nimekuona wiki hii unavyofunga moyo na kuufungua, umekaa barazani unazungusha ufunguo wa gari lisilokuwepo, ukimfokea Mama kwa sababu ya chumvi, halafu ukimwomba radhi kwa sababu ya chumvi. Nimekasirika na wewe pia, usidhani sikukasirika. Nimekasirika kwa ripoti yangu iliyolowa. Nimekasirika kwa jinsi Mama alivyojifunza kutambua miguu yako barabarani kwa mlio. Mama yako hajakusamehe yote. Lakini sitaki uende na hatia isiyo yako. Beba ya kweli tu, hiyo inatosha kuujaza mfuko.

Ningependa kumaliza hapa. Siwezi, kwa sababu naandika nikisikia harufu inayotoka jikoni. Shangazi anachuja mbege. Amebeba ndizi kutoka Moshi, amepika, amechanganya na ulezi, ili kesho asubuhi kabla hujapanda lori upewe kata ya kwanza uagwe kama mtu mwenye kwao. Mama hawezi kumkataza wifi yake. Wewe huwezi kukataa mbele ya watu, tulishaona. Na kesho nikisimama pale na kata safi mikononi, nikanyamaza tena, sitakuwa na stoo wala ufunguo wa kusingizia.

Naiweka kalamu kidogo.

Nimerudi. Nitakuambia lililotokea, bila mapambo.

Nilikwenda jikoni. Shangazi alikuwa ameinama juu ya pipa na kitambaa cha kuchujia, mikono imeloa hadi kwenye viwiko. Mama alikuwa pembeni anamenya viazi. Nikasema, "Shangazi, Krismasi Baba hakuponywa. Nilimpa gongo ya Mama Bura. Ndiyo maana alilala."

Alidhani sikusema vizuri. Nikarudia. Mama akaacha kumenya.

Shangazi alisimama wima, akajifuta mikono kwenye khanga polepole, kila kidole. "Kwa hiyo," akasema, "mimi nilisimama madhabahuni mbele ya usharika mzima, nikaishuhudia gongo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mkunde!" Hajawahi kuniita hivyo. Yeye pia huniita mama, maana ni jina la mama yake. Aliinua mkono nikafumba macho. Haukushuka. Nilipofumbua alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejishika kichwa. "Nami nikamwambia amemtemea Mungu mate," akasema. "Mezani. Mbele ya watoto."

Nikaonyesha pipa. "Na hii, Shangazi, ni ileile."

"Hii mbege. Mbege ni ch..." Hakumalizia. Akalitazama pipa. Halafu akakasirika upya, kwa njia yake. "Na simwagi! Mwaka huu wa shida nimwage ulezi? Ndizi nimezibeba mgongoni mwangu kutoka stendi, leo nimwagie mbuzi?"

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Wifi, nyumba ya Tluway wanapalilia kesho. Wana watu wengi."

Tumelibeba sisi watatu, kupitia nyuma, ili lisipite kwenye dirisha lako. Shangazi alikuwa mbele, akinung'unika njia nzima kwamba Wairaqw hawa hawatajua hata kuinywa vizuri. Mke wa Tluway alishukuru mpaka akatutia haya. Tuliporudi mlangoni Shangazi akauliza bila kunitazama, "Ule unga wa ulezi umebaki kiasi gani?"

"Umebaki kibuyu kizima."

"Uchekeche. Mtu hatoki kwao mdomo mkavu. Kesho kata ya kwanza atapewa uji, nami ndiye nitakayempa, na mzee yeyote atakayefungua mdomo aje kwangu."

Nimeuchekecha unga. Nimetoa mawe na makapi. Kata nimeziosha kwa majivu na maji moto, tena na tena, mpaka harufu ya zamani ikatoka. Mama ameteleka chai. Sasa hivi kitanda chako kimelia, umeamka, unauliza kwa nini nyumba iko kimya hivi. Nimekuitikia, "Nakuja, mwanangu." Nakuletea kikombe kwa mkono mmoja na barua hii kwa mwingine, na nitakaa palepale mlangoni mpaka umalize kuisoma.

Mama yako,
Mkunde